Ubao Usiotakiwa Kudumu

Gazeti la wilaya liliandika kwamba kijiji chetu cha Kaltenreut kilikosa nafasi ya kwanza katika shindano la vijiji nadhifu kwa sababu ubao mmoja wa ukumbusho wa marehemu "ulitoweka katika mazingira yasiyoeleweka". Mazingira yanaeleweka kabisa. Mwanamke aliyeuchukua aliuchukua saa sita mchana, mbele ya kanisa dogo la njiani, akiwa na spana mkononi, na watu watatu walimpita wakamsalimu. Anaitwa Walburga Kargl. Sisi humwita Burgl. Kwa kuwa yeye hatasema neno, nitasema mimi niliyekaa naye meza moja ya kazi kwa miaka saba.

Alizaliwa hapa hapa, nyumba ya tatu kutoka mpaka wa Wacheki. Akiwa na miaka kumi na sita aliingia kiwanda cha vioo, na kwa miaka ishirini na sita akawa anasaga midomo ya glasi za mvinyo mpaka isiweze kumkata mnywaji. Ijumaa moja tanuri likazimwa, wafanyakazi wakapewa kila mmoja glasi sita na barua. Kituo cha utafiti wa msitu kilikuwa kinatafuta mtu wa kukusanya mitego na kupanga wadudu, mtu mwenye subira na vidole vyepesi. Vidole vya Burgl vilikuwa vimezoea kugundua ufa usioonekana kwa macho. Mbawakawa mwenye urefu wa milimita mbili hakumpa taabu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Juu mlimani kituo kilikuwa na viwanja vingi vya magogo yaliyokufa. Katika nusu ya viwanja miti ilikatwa ili jua lifike chini. Katika nusu nyingine kivuli kiliachwa kama kilivyo. Kila upande kulikuwa na viwanja vilivyolazwa matawi machache tu na vingine vilivyolazwa marundo mazito, ya msonobari na ya miti ya majani mapana. Juu ya magogo yalining'inia mabamba ya plastiki angavu yaliyokingamana. Mdudu akiruka anagonga, anateleza kwenye faneli, anaangukia chupa ya maji ya chumvi. Swali lilikuwa moja: ni nini kinachofanya aina za mbawakawa waishio katika mti mfu ziwe nyingi, wingi wa mti au joto? Maana nguvu humfikia mdudu huyu kwa milango miwili. Mmoja ni chakula kilichomo ndani ya gogo, na mwingine ni jua linalompa uwezo wa kukila, kukua na kuzaa. Funza ambaye juani hukomaa kwa miaka miwili, katika ubaridi wa kivuli chetu huchukua mitano, na wengi hawafiki.

Burgl alilijua jibu kabla halijachapishwa. Chupa za viwanja vya jua zilikuja zimejaa aina, hata pale palipolazwa matawi ambayo bibi kizee angeyabeba kwa mkono mmoja. Marundo makubwa ya kivulini yalileta aina chache, ingawa miongoni mwao walikuwamo wawili watatu ambao juani hatukuwaona kamwe. Hao aliwatenga kwenye kisahani chao, akawaita "wenyeji wa chini ya ngazi". Makala ilipotoka ilimshukuru mfadhili, ikamshukuru mkuu wa mkoa, ikawashukuru "wasaidizi wa uwandani". Jina lake halikuwamo. Mimi niligombana na watu. Yeye alikunja nakala yake, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Magogo yale yalikatwa na kulazwa na mume wake, Korbinian, mkata miti. "Miaka thelathini nimelipwa kuutoa mti mfu msituni," alikuwa akisema kila mara, "sasa nalipwa kuurudisha. Mwakani watanilipa niubusu."

Korbinian alifariki mwezi Februari, jikoni, akiwa ameketi kwenye benchi, kiatu kimoja kimefungwa kamba, kingine bado. Kabla ya hapo, wakati wa vuli, alikuwa amepasua ubao wake mwenyewe. Kwetu marehemu hulazwa juu ya ubao mpaka wa kumchukua waje. Kisha ubao huandikwa jina, husimamishwa njiani, na huachwa kwa mvua. Wazee walishika kwamba roho hukaa toharani mpaka ubao uoze. Siku hizi watu wengi hutengenezewa ubao wa ukumbusho ambao hawakuulalia hata dakika moja. Korbinian alitaka ule wa kweli, na mimi nilikuwapo mezani alipotoa maagizo yake.

"Msiupake kitu, Burgl. Hata mafuta ya kupikia. Ubao ukioza, mimi natoka."

"Na ukikawia kuoza?" akauliza Burgl.

"Ndiyo maana nakwambia usiupake! Mimi sina muda wa kukaa toharani na akina Pongratz wa duka la vigae."

Tulicheka. Dada yake Korbinian, Kreszenz, ambaye sote humwita Zenzi, alicheka kuliko wote. Burgl alisema, "Sawa." Sijui kama aliyaamini mambo ya toharani, na sikumuuliza. Alikuwa ameahidi, basi.

Korbinian alilala juu ya ubao huo bandani, juu ya viunzi viwili vya seremala, tangu alasiri hadi asubuhi. Akazikwa siku ya Alhamisi. Jumatatu Burgl alikuwa mezani, akahesabu wadudu mia nne na kumi na wawili wa mwaka uliopita, bila kukosea hata mmoja. Hakulia wakati huo wala baadaye. Alikula akiwa amesimama, supu ya kopo ambayo hakuipasha moto. Siku moja aliunguza mkono kwenye jiko la kituo, akautazama kama mkono wa mtu mwingine, akaendelea kukoroga kahawa. Ukimuuliza hali yake, alikwambia hali ya hewa. Kwenye duka la mikate walijaribu kumchekesha: "Burgl, hao madudu wako wakikosa kazi walete kwangu, wamle mama mkwe na kabati lake!" Naye alijibu kwa upole kabisa, "Kabati ni kavu mno," akachukua mkate wake.

Kitu kimoja tu kilimshughulisha: ubao uwekwe wapi. Zenzi aliutaka kwenye safu ya mbao nyingine kando ya kanisa dogo, chini ya miti mikubwa, kwenye kivuli. Burgl akaja na swali lake kwa mkuu wa utafiti wetu, Daktari Henrike, mtu wa kaskazini, wa pwani.

"Daktari, ubao ukisimamishwa juani, utaliwa na wengi kuliko kivulini?"

"Na aina nyingi zaidi, ndiyo. Si wewe mwenyewe uliyezihesabu?"

"Na utaisha upesi zaidi?"

Henrike akaweka chini kibano chake. "Hilo ni swali lingine, Burgl. Wingi wa aina na kasi ya kuoza ni mambo mawili. Ubao mwembamba uliosimama juani unakauka kama mkate wa juzi, kuvu hawapati maji, na wadudu wengi huwafuata kuvu. Kivulini unyevu upo, lakini baridi yenu hii inawalaza wote usingizi. Joto linataka maji ya kufanyia kazi. Ni wa kiwanja gani?"

"Cha nyumbani."

Henrike alikuja kuelewa baada ya siku tatu, nilipomweleza, akaona haya kwa ule mfano wa mkate.

Burgl akaamua jua. Aliusimamisha ubao kwenye ukingo wa malisho yao, unapoangalia kusini, mguu wake ukiwa umezama ardhini ili unywe maji. Haukuwa na paa wala rangi, isipokuwa herufi nyeusi za jina ambazo Zenzi alisisitiza kuziandika.

"Wifi, unamtenga kaka yangu na watu wake," Zenzi alilalamika akiwa na brashi mkononi.

"Watu wake anawajua. Hajasahau njia."

"Kule kanisani angepata angalau sala za wapita njia."

"Hapa atapata jua," alisema Burgl.

Mwaka wa kwanza ubao uligeuka kijivu. Mwaka wa pili, mwezi Mei, Burgl aliingia kazini, akavua koti, akaniambia, "Wameanza." Nikaenda naye jioni. Karibu na ardhi palikuwa na tundu moja la mviringo, dogo kama kichwa cha pini, na chini yake unga mweupe usiojaza hata ncha ya kijiko. Alichuchumaa akautazama. Uso wake haukubadilika. Lakini siku ile alikula ameketi.

Mwezi Juni kituo kilimtuma bonde la pili kwa siku nne. Ni katika siku hizo nne ndipo mambo yalipofanyika.

Kosa hili lingeweza kutendwa na watu wetu tu, na ndiyo maana linanichoma. Sisi tunafagia hata msitu. Tawi likianguka tunaona aibu kana kwamba mgeni amekuta vyombo vichafu. Mtu akimpenda jirani yake, hamwambii. Anampangia kuni zake kwa mstari ulionyooka, anampakia rangi uzio wake. Kwetu upendo huja na ndoo na brashi, na anayepakwa hana nafasi ya kukataa.

Bwana Ludwig Pongratz, mwenye duka la vigae na mwenyekiti wa chama cha kupendezesha kijiji, aliamua kwamba mbao zote za marehemu zitengenezwe kabla waamuzi wa shindano hawajafika. Zilikuwa kumi na nne. Ule wa Korbinian uling'olewa malishoni, ukapigwa msasa pamoja na nyingine, ukanyweshwa dawa, ukasimamishwa kwenye safu ya kanisani, chini ya kivuli. Hakuna aliyemuuliza mjane. Ilikuwa zawadi, zawadi haiulizwi. Zenzi alijua, na aliwaokea keki.

Jumapili baada ya misa kulikuwa na bendi ya tarumbeta na pipa la bia. Burgl alishuka kwenye basi na begi lake, Pongratz akamshika mkono kabla hajafika kwake.

"Njoo, Burgl, njoo uone! Lakini usilie mbele za watu, mimi nitakufuata."

Akauona. Uling'aa kama keki iliyopakwa asali. Juu una kijipaa cha shaba, chini una kiatu cha chuma kilichofungwa kwa boliti ili ubao usiguse ardhi. Jina lilikuwa limeandikwa upya kwa dhahabu.

"Mmeupaka nini?" akauliza.

"Dawa ya daraja la kwanza! Mara mbili, halafu vanishi ya boti juu yake. Hapiti mdudu, hapiti kuvu, haipiti mvua. Kulikuwa na katundu hapa chini, tumekaziba kwa gundi ya mbao, hukaoni tena. Na hulipi kitu. Huu utadumu miaka hamsini!"

"Hamsini," alisema Burgl.

"Sema sitini!" akapaza sauti mpiga ngoma. "Korbinian atatuzika sote!"

Wakacheka, tena kwa moyo mwema, hilo silikatai. Burgl akampa Pongratz mkono. Akasema, "Asante." Nimezisikia dharau nyingi katika maisha yangu na kuzijibu. Ile asante sijapata jibu lake. Kwa hesabu ya mume wake mwenyewe, walikuwa wamemfungia nusu karne, wakamdai shukrani, naye akawapa kwa sababu hivyo ndivyo alivyolelewa.

Kesho yake nilimkuta jikoni kwa Zenzi. Nilikuwa nimeleta mayai, nikabaki.

"Ulimsikia akisema," Burgl alikuwa akimwambia. "Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, wifi, na nilicheka kama wewe. Alikuwa anatania."

"Alitania katika kila alichokimaanisha. Siku ya kunichumbia alisema anatafuta mtu wa kumshikia ngazi."

Zenzi alifuta meza ambayo haikuwa chafu. "Nilitaka apendeze. Mbao za wengine zote zinapendeza, wa kwake umekuwa kama kipande cha uzio. Watu walikuwa wanauliza kama mmegombana."

"Mimi na Korbinian?"

"Wewe na Mungu, nadhani. Sijui walikuwa wanauliza nini."

Burgl akaenda dukani kwa Pongratz kuuomba ubao. Nilifuatana naye, na maneno ya Pongratz ninayakumbuka yote, maana niliyaandika kwenye risiti nilipotoka.

"Burgl, kuwa mwelewa. Waamuzi wanakuja Jumamosi. Safu ina mbao kumi na nne."

"Na baada ya Jumamosi?"

"Baada ya Jumamosi tutaona. Unajua, ukishatengenezwa hivi, ubao si wa mtu mmoja tena. Ni sehemu ya mandhari."

"Ni mimi niliyemlaza juu yake."

"Na ndiyo maana tumeutunza!" alisema Pongratz, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Ningeona afadhali angekuwa mtu mbaya.

Burgl akarudi kwa Henrike. Je, dawa ile inaoshwa? Haioshwi. Inaingia ndani ya mti milimita tatu, pengine nne, na mdudu yeyote atakayetaga hapo, kizazi chake kitakufa. Juani au kivulini, hakuna tofauti. Hapo hakuna tena chakula, na mahali pasipo na chakula jua linapasha joto bure.

"Na nikiupiga randa?"

"Ukitoa milimita tano kila upande, katikati utakuwa safi. Utabaki mwembamba. Lakini Burgl, jina lake litaondoka."

"Limeandikwa kwa rangi yao."

"Chini yake lipo la Zenzi."

"Nalo litaondoka," alisema Burgl, na akarudi kwenye chupa zake.

Jumamosi, kabla waamuzi hawajafika, alikwenda na spana. Alikuwa amefungua boliti ya tatu Zenzi alipotokea na sinia la keki za waamuzi. Akaliweka sinia juu ya ngazi ya kanisa.

"Wifi! Watu watasema nini?"

"Watasema."

"Mimi ni mwanachama. Mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Waambie ulinikuta. Ni kweli." Boliti ya nne ikatoka. Ubao ukaegemea bega la Burgl, ukamyumbisha, kwani ni mwanamke mwembamba. "Au shika upande wa miguu."

Zenzi alitazama njia huku na huku. Akapangusa mikono kwenye aproni, akashika upande wa miguu. Wakapita nao katikati ya kijiji hadi uani kwa Kargl. Mwanamke wa duka la mikate aliwafungulia geti.

Ilichukua mchana wote. Burgl alipiga randa, Zenzi alishikilia. Vanishi ilitoka kwanza, kwa mikanda mirefu inayonata. Kisha ikaja dhahabu, kisha herufi nyeusi chini yake, zikijikunja ndani ya maranda moja baada ya nyingine. Lilipofika jina la ukoo Zenzi alianza kulia kwa sauti. Burgl hakuacha. Alipima kina kwa ukucha, akageuza ubao, akaanza upande wa pili.

Maranda yenye dawa hayachomwi wala hayatupwi popote. Kwetu hilo ni kosa kubwa kuliko mengi. Waliyajaza ndani ya gunia na kulipeleka kwenye kituo cha taka kabla hakijafungwa. Karani akachungulia.

"Hii ni nini?"

"Mbao yenye dawa," Burgl alisema.

"Naona kama kuna dhahabu."

"Ni rangi."

"Chombo namba nne," alisema karani, akawafungulia mfuniko.

Ubao wenyewe ulikuwa sasa mweupe, mwembamba kama ubao wa kukatia mkate. Kuusimamisha tena kusingefaa. Upepo wa kwanza ungeuvunja, au chama kingeupata. Burgl aliubeba hadi pembe ya chini ya malisho, pale mfereji wa maji unapokatiza njia ya miguu na jua halizuiliwi na kitu tangu asubuhi hadi machweo. Zamani, kabla ya rangi na vijipaa, baadhi ya familia zilizilaza mbao zao juu ya mifereji namna hiyo, ziwe vidaraja, ili anayevuka amkumbuke marehemu kwa nyayo zake. Aliulaza. Chini una maji na matope, juu una joto. Akaukanyaga mara moja kuona kama unacheza. Haukucheza.

"Itachukua muda gani?" Zenzi aliuliza.

"Hapa? Miaka minane. Kumi."

"Kanisani ilikuwa hamsini."

"Ndiyo."

Burgl akavuka, akasimama upande wa pili, wa kuelekea nyumbani. Zenzi alibaki kwenye nyasi. Ni mwanamke mnene, na alikuwa amevaa viatu vyake vya misa kwa ajili ya waamuzi.

"Wifi, unataka nimkanyage kaka yangu?"

"Mkanyage. Unamsaidia."

Zenzi aliinama, akavua viatu, akavishika mkono mmoja. Aliweka mguu wa kwanza, ubao ukapinda kidogo ukagusa maji. "Nisamehe, Korbinian," alisema, "nimenenepa." Akavuka, polepole, akiukanyaga kwa uzito wake wote.